Jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe karibu na kwako, kabla hamjauza shamba

Karibu kila wiki kuna mtu ananipigia simu, mara nyingi usiku, anaanza kwa kuzunguka, habari za kazi, watoto hawajambo, halafu sauti inashuka: "ati wewe ulienda rihabu gani?" Nikimwambia mimi sikuenda rihabu, nilienda kukaa kwenye kiti cha plastiki kwenye ukumbi wa watu, bure, kila Jumanne na Jumamosi, ananyamaza, najua hajaridhika. Hapa Kenya kuacha pombe tumeshaamua ni kitu kimoja tu, rihabu, miezi mitatu, familia inachanga, wengine mpaka wanauza kipande cha shamba, mtu anaingia amekonda anatoka na mashavu, na wiki ya pili ashaonekana palepale kwa mama pima wake, yule muuza pombe. Sisemi rihabu ni mbaya, kuna watu wanaihitaji kweli na hapo chini nitasema ni kina nani. Lakini hata huyo wa rihabu siku akitoka getini atahitaji watu wa kukaa nao, kwa hivyo kikundi utakitafuta tu, leo au baada ya shamba kuenda.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, nilikuja Nairobi kuuza spea za magari pale Kirinyaga Road na nimekunywa miaka kumi na kitu. Kwa hivyo mengi hapa ni ya Nairobi na Pwani, wa kwengine mtapima wenyewe.

Kabla hujatafuta kikundi, angalia mwili

Hii usiiruke tafadhali. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe kidogo, ndiyo utulie, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Watu wanaogopa arosto ya heroini, kumbe ya pombe ndiyo inayoua kirahisi zaidi. Masaa sita mpaka kumi na mbili baada ya glasi ya mwisho unaanza kutetemeka, jasho, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kuanguka kifafa hata kama hujawahi kuwa nacho maishani. Na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne ndiyo kuna ile hali mbaya kabisa, mtu anaona wadudu ukutani, anaongea na watu hawapo, homa, moyo unaenda mbio, na familia inasema karogwa, anazungushwa kwa waganga na kwa maombi mpaka anakata roho, na ni kitu hospitali wanakijua na dawa wanayo. Watakupa dawa ya kukushusha taratibu na vitamini B1, na wewe kazi yako ni moja, umwambie daktari kiasi cha kweli. Kama ni mzinga kwa siku sema mzinga, usiseme "mbili tatu hivi wikendi".

Mimi nilikuwa najidanganya na Ramadhani. Mwezi mzima naacha, tarawehe naswali, Idd mosi usiku narudi, na mke wangu akiniambia nina shida najibu mbona Ramadhani naacha? Likawa ndilo jibu langu miaka na miaka. Mpaka mwaka mmoja siku ya pili ya mfungo, saa tisa mchana, nahesabu pesa za mteja dukani noti zinanitetemekea mkononi kama majani, mteja anaangalia mikono, mimi naangalia mikono, hakuna anayesema kitu. Siku hiyo nilienda hospitali kwanza, kikundi kikaja baadaye, na huo ndio mpangilio wake.

Kama hujui uko kiwango gani, kuna maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanaitwa AUDIT, yako kwenye intaneti, dakika tano umemaliza. Ukipata alama 8 kuenda juu pombe imeanza kukuharibia, 20 kuenda juu tafuta daktari usisubiri. Na hawa wa 20 kuenda juu, hasa ambao washaanguka kifafa, au nyumbani wanakokaa ndiko pombe inakouzwa, hao ndio nasema rihabu inaweza kuwafaa.

Jua unatafuta kitu gani hasa

Kikundi si darasa wala si kanisa, na si baraza la wazee la kukuhukumu. Ni walevi wenzako wanakaa pamoja saa moja, saa moja na nusu, kila mmoja anasema yake. Kinachojulikana zaidi ni AA, kirefu chake Alcoholics Anonymous, kilianza mwaka 1935 mji wa Akron huko Marekani, na kilianza na watu wawili tu, mmoja mtu wa masoko ya hisa mwingine daktari wa upasuaji, wote walevi wa kutupwa, wakagundua kwamba wakiongea wao kwa wao hamu ya pombe inapungua kuliko wakiongea na watu wasiokunywa. Sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada. Kofia au kikapu kinapita, mwenye kitu anaweka, asiye nacho anapitisha, na mgeni siku ya kwanza hata hatarajiwi kuweka. NA, yaani Narcotics Anonymous, ni ndugu yake, ile ya dawa za kulevya, na kama mtaani kwenu hakuna AA ila kuna NA nenda tu, pombe nayo wanaihesabu ni dawa ya kulevya na hatua za kuacha wanazozipitia ni zilezile 12. Halafu kuna vikundi vya makanisa, na vya hospitali vinavyoongozwa na mshauri nasaha, hivi vya mwisho vizuri kwa mtu anayeogopa kuongea maana kuna mtu wa kazi hiyo anayeshika usukani.

Nikiulizwa mimi, jaribu viwili tofauti. Watu wanachagua kikundi kama wanavyochagua kinyozi, wa kwanza karibu na stage, halafu wakiumizwa wanasema vinyozi wote wabaya.

Pa kuulizia

Anza na 1192. Hiyo ni namba ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, ni bure na ni masaa 24. Atapokea mshauri, hakuulizi kitambulisho. Ila ujue namna ya kuuliza, ukisema tu "nataka msaada wa kuacha pombe" mazungumzo yanaweza kuelekea kulazwa, kwa hivyo sema wazi: "natafuta kikundi cha kuhudhuria nikitokea nyumbani, nakaa sehemu fulani, napatikana jioni". Na kama familia imeshaamua rihabu, waulize hapohapo kama hiyo mnayoifikiria imesajiliwa, maana kuna nyumba za kukodi zimebandikwa bango na ndani ni kufuli na viboko.

Pili, kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya serikali, Nairobi kuna Mathari na Mombasa kuna Port Reitz. Najua ukisema Mathari watu wanacheka, wanafikiria wendawazimu, mimi mwenyewe nilivaa kofia na miwani nikashuka matatu stage moja mbele nikarudi kwa miguu. Ukifika usimsubiri daktari ndiyo umuulize, uliza manesi na washauri, wao ndio wanaojua nani anakutana wapi siku gani.

Ya tatu ndiyo naiona bora kuliko zote na hakuna anayeifikiria: nenda rihabu yoyote iliyo karibu na kwenu, si kulazwa, kwenda kuuliza. Waambie "watu wenu wakitoka hapa wanahudhuria mitingi wapi?" Rihabu yenye akili ina jibu, na mara nyingi ina siku yao wenyewe ambayo hata wa nje wanakaribishwa. Isiyo na jibu imeshakuambia kitu kuhusu hao watu wao wanaotoka na mashavu.

Mtandaoni AA wana programu ya simu inaitwa Meeting Guide, ni bure, inakuonyesha mikutano iliyo karibu, na kama mko mbali na mji kuna mikutano ya Zoom kila saa ya mchana na usiku, kwa lugha nyingi. Ila orodha za intaneti usiziamini bila kupiga simu. Mitingi yangu ya kwanza kabisa sikuhudhuria, nilitoka dukani mapema, nikapanda matatu mbili, nimefika geti limefungwa, askari ananiambia hao watu walihama zamani sana. Nikasimama pale barabarani na baa iko upande wa pili na naapa nilikuwa nimeshapata sababu yangu. Nilienda. Sijivunii, nasema tu ili wewe upige simu kwanza.

Na kuna njia ya kienyeji. Kila mtaa una mtu ambaye zamani alikuwa anaokotwa mitaroni na saa hii ana duka, au anaendesha boda anarudisha hesabu. Wote mnamjua. Mvizie akiwa peke yake umuulize aliacha vipi. Sijawahi kuona mlevi aliyeacha akakasirika kuulizwa swali hilo, kazi itakuwa kumnyamazisha.

Ukipata namba uliza haya: mkutano bado upo? siku gani, saa ngapi, mlango upi? (mlango ni muhimu, kumbi nyingi ziko nyuma ya majengo na mtu akizunguka mara mbili bila kuona anarudi nyumbani). Wanaongea Kiswahili au Kiingereza? Nairobi mara nyingi ni mchanganyiko, na sehemu nyingine mpaka lugha ya nyumbani inaingia. Halafu uliza ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu yako anayekusindikiza, wa ndani ni wa wenye shida yenyewe tu. Kama ni mwanamke uliza wanawake huwa wangapi, na kama kuna kikundi cha wanawake peke yao, kwa sababu mwanaume mlevi mtaani anaitwa mlevi, mwanamke anaitwa mengine kumi, na si kila kitu utataka kukisema mbele ya wanaume ishirini.

Siku yenyewe

Fika robo saa mapema, ukichelewa utapita mbele ya macho ya watu na miguu itakataa. Ikiwezekana nenda hujanywa. Kama umekunywa nenda hivyohivyo ukae nyuma usikilize, hawatakufukuza mradi usifanye fujo, ila hiyo siku usiongee.

Utakuta chai. Sijui kwa nini ila utakuta chai, na mtu anayependa sana kuikoroga. Watu wanajitambulisha kwa jina la kwanza tu, "naitwa Fulani, mimi ni mlevi", na wote wanamjibu kwa jina. Mara ya kwanza inachekesha kidogo, na inatisha. Wewe ukifikiwa unaweza kusema jina lako na "leo nasikiliza", imeisha hiyo, hakuna atakayekuvuta ulimi. Mtu akiongea hakatizwi wala hajibiwi, na hakuna anayemshauri "ungefanya hivi", hapo ndipo nilipopapenda mimi, maana nyumbani kwetu kila mtu kuanzia mjomba mpaka shemeji alikuwa na ushauri. Kinachosemwa mle kinabaki mle. Nimekutana na mtu wa mle ndani sokoni Gikomba akiwa na mkewe, tukasalimiana kama watu wa biashara tukapita, na nikajua hata mimi nitafichiwa.

Sasa kwa Waislamu wenzangu, hili nilisema lazima niliandike. Mikutano mingi iko kwenye kumbi za makanisa, sababu ni kwamba makanisa ndiyo yana kumbi na hawatozi sana. Mimi niliingia nikaona msalaba ukutani nikasema hapa nimepotea, watu wa Majengo wakisikia nimeacha pombe nikaritadi itakuwa aibu mbili. Lakini AA haina dini wala si ya kanisa, wanapanga chumba tu. Zile hatua zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa yeye, na kuna dua fupi mwanzo au mwisho. Mimi nikisikia hatua ya tatu, ile ya kujikabidhi kwa Mungu, nasikia tawakali, basi. Aliyekaa kulia kwangu sijui anasikia nini, sijawahi kumuuliza. Na msikitini nako usikufunge, kama una imamu unayemwamini mwambie, ila tofauti ni hii, imamu atakuombea na hatashtuka, lakini hajawahi kuficha kota ndani ya tangi la choo. Yule wa kiti cha plastiki amewahi.

Jipe mara sita

Mkutano wa kwanza usiutumie kuamua. Utatoka unasema mimi si kama wale, yule kapoteza nyumba, yule kafungwa, mimi bado nina kazi. Sote tulitoka na hiyo. Nenda mara sita, vikundi viwili tofauti ikiwezekana, halafu ndiyo uamue.

Kuna mambo ambayo hata kama ni mara ya kwanza chukua kofia yako uende. Wanakudai ada ya kujiunga. Mtu anauza dawa ya kienyeji ya "kukufanya uchukie pombe" baada ya mkutano. Wanapiga picha au video waweke mtandaoni, eti ushuhuda. Mtu anakuambia uache dawa ulizoandikiwa hospitali, ziwe za presha au za akili, hilo ni kosa kubwa na si kazi yao. Na wanaume wazee wa kikundi wanaowazunguka wasichana wageni, kipo hicho kitu tusifiche, mgeni ana upweke na mtu anajifanya mwokozi.

Dalili nzuri ni ndogondogo. Watu wanacheka. Kuna mwenye siku tatu na kuna mwenye miaka mingi na wote wanapewa dakika zilezile. Mtu aliyepotea mwezi mzima akirudi hasutwi, anaulizwa chai na sukari ngapi.

Ukishapapenda, chukua namba za simu tatu kabla hujatoka. Hii ndiyo kazi kubwa ya kikundi kwa maoni yangu, kuliko hata mkutano wenyewe. Mkutano ni saa moja na wiki ina masaa 168, hamu itakuja Ijumaa mwisho wa mwezi saa mbili usiku mshahara umeingia na jamaa wanakupigia wako baze. Wakati huo unapiga namba ya kwanza, hashiki, ya pili, ya tatu anashika. Mnaongea upuuzi tu wa mpira nusu saa na hamu imepita. Jizoeze kupiga hata siku ambazo huna shida, kwa sababu siku ya shida simu inakuwa nzito kama jiwe. Baadaye utachagua mmoja awe sponsa wako, mtu aliyekutangulia wa kukupitisha kwenye zile hatua, na desturi ni mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke. Hapokei malipo. Akikuomba umkopeshe pesa tafuta mwingine.

Ukiteleza, rudi mkutano unaofuata, usingoje "nijiweke sawa kwanza". Mimi niliteleza mara mbili mwaka wa kwanza na mara ya pili nilikaa wiki tano kwa aibu, na hizo wiki tano ndizo zilinimalizia akiba ya duka.

Kwa mke, mume, mama

Huwezi kuhudhuria mkutano kwa niaba ya mtu. Lakini wewe una wako, unaitwa Al-Anon, ulianza 1951 kwa ajili ya watu wa familia, na unaweza kwenda hata kama mlevi wako hataki kusikia lolote. Kama hakuna karibu, 1192 wanapokea na nyinyi pia. Mnachoweza kufanya nyumbani ni kutafuta siku na saa na mlango, kuandika kwenye karatasi, kuweka na nauli ya kuenda na kurudi, na kungoja ile asubuhi ambayo yeye mwenyewe ameamka anajichukia. Usiku akiwa amelewa hakuna mazungumzo pale, mtajibizana na chupa.

Wasomaji wa Tanzania, kwenu neno ni soba hausi, na Zanzibar zimezoeleka, wengi waliozianzisha walitoka kwenye heroini ila mikutano yao inafuata hatua zilezile. Dodoma kuna Mirembe na Dar kuna Muhimbili, swali la kuuliza ni lilelile: watu wenu wakitoka wanakutana wapi?

Na kama hakuna kabisa

Kuna mtu wa Kilifi ndani ndani kule kwenye minazi aliniambia kwao kikundi cha karibu ni mji mwingine na nauli ni pesa ya unga. Nikamwambia anza. Walevi wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe tayari ni kikundi, hiyo ni desturi ya AA yenyewe, haihitaji kibali cha mtu. Hudhuria ya Zoom mwezi mzima uone inavyoendeshwa. Tafuta chumba, shule Jumamosi, zahanati jioni, msikiti au kanisa wenye banda la nje, na umwambie mwenye chumba ukweli ni cha nini. Kwa chifu nenda ukamjulishe tu, maana akiona watu waliokuwa wateja wa mnazi wamekusanyika chini ya mti kila Jumamosi atafikiria mengine. Mwombe nesi wa zahanati akuelekeze wagonjwa wanaotaka kuacha. Chagueni siku moja na saa moja na msiibadilishe hata mkiwa wawili, hata ukiwa peke yako kaa hiyo saa moja, chemsha chai, kwa sababu mtu anaweza kufika dakika ya hamsini amezunguka nje mara tatu.

Na ufunguo wa chumba wekeni kwa watu wawili. Mmoja wenu siku moja atateleza, na geti lisifungwe siku hiyo.